Kampuni za kupatanisha madeni ya kadi za mkopo, yaani zinazoiomba benki ikubali kulipwa pungufu ya deni: je, zinastahili ada yake?

Mara nyingi, hapana. Chukua deni la 10,000. Kampuni ikipata mapatano ya kulipa 50% tu, kisha ikatoza ada ya 20% ya deni la awali, jumla unalipa 7,000. Ukipiga simu benki mwenyewe na kupata 50% ileile, ni 5,000 tu. Tena nyingi hukuambia uache kulipa huku ukiweka akiba kwao, riba na faini zikiendelea kupanda na benki ikiwa huru kukushtaki.

Kupatana na benki mwenyewe si kugumu, ila kuna mtego mmoja mkubwa: kulipa kwa ahadi ya mdomo. Usitoe hata senti kabla ya barua ya benki yenye namba ya akaunti, kiasi, tarehe ya mwisho na maneno kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote. Barua isiposema hivyo, salio linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, na simu zinaanza upya.

Omba idara inayoshughulikia madeni yaliyochelewa. Mpokea simu wa kawaida mara nyingi hana mamlaka ya kupunguza. Anza kwa kutoa 25% ya deni kwa malipo ya mkupuo, fedha ikiwa tayari mkononi, kisha upandishe taratibu. Usiwape ruhusa ya kuchota kwenye akaunti yako kuu. Deni likiwa la zamani, ulizia sheria kwanza: mahali pengine malipo kidogo tu huanzisha upya muda wa kushtakiwa. Kiasi kilichosamehewa nacho huenda kikatozwa kodi.