Namba Moja kwenye Lebo Inayokula Roli Zima

Karibuni tena, watazamaji wangu! Leo tuna roli la wolpepa, lile ambalo gundi unaipaka ukutani, karatasi inabaki kavu. Vipimo mnavijua, mita 10.05 kwa sentimita 53, sipotezi muda hapo. Mimi nina ugomvi na lebo.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona hii mishale, na pembeni yake 64? Huo ndio mrudio: kila sentimita 64 ua linaanza upya. Bei wameichapa kwa herufi kubwa, namba hii wameificha huku chini, na kumbe hii ndiyo inayoamua utalipa kiasi gani!

Tupige hesabu pamoja. Ukuta una upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.4, kwa hiyo unataka vipande vinne. Karatasi isiyo na mchoro unakata mita 2.5 kila kipande, ili upate cha kupunguza juu na chini. Vinne ni mita 10. Roli moja, kazi imekwisha. Sasa leta hili la maua. Ili maua ya vipande viwili yakutane, lazima ukate kwa mirudio mizima, yaani minne, mita 2.56. Vipande vitatu vimekula mita 7.68. Roli limebaki na mita 2.37, na ukuta wako ni 2.4! Sentimita tatu jamani, na hapo hatujaweka hata ya kupunguza. Sentimita tatu hizo zinakununulisha roli la pili.

Na ukinunua la pili, hakikisha namba ya bachi, yaani ya mkupuo lilipochapwa, inafanana na ya kwanza, vinginevyo rangi zinaweza kupishana.

Haya, tubandike. Nimeshusha timazi, ule uzi wenye kizito chini, nikapiga mstari wima katikati ya ukuta, maana kona za nyumba ni nadra kunyooka. Ukiifuata kona, maua yote yanaegemea. Kutoka katikati ni vipande viwili kushoto, viwili kulia, na kila kona nitakata kama sentimita 6.

Gundi naipaka kwa rola, napitiliza kidogo upana wa kipande. Cha kwanza kimeshakaa. Cha pili hiki hapa, nakipandisha... tazameni viganja vyangu. Sivuti, nasukuma tu. Ua limekaa juu kidogo, mnaona? Nalishusha. Bado... kidogo tena... hapo! Petali imekutana na petali. Kamera ije karibu kabisa, nioneshe kiungio kilipo. Hakionekani! Nimekitelezesha mara tatu na hakijachanika wala hakijajikunja. Siri ni nyuzi za polyester zilizochanganywa humo: karatasi haivimbi ikipata maji. Ile ya zamani inakunywa gundi, inatanuka, ndiyo maana unaikunja na kuisubiri dakika kadhaa kabla ya kuibandika. Hii haina kusubiri. Naipenda sana!

Najua mtaniuliza kuhusu zile za stika, unabandua mgongo unabandika. Ukuta ukiwa laini kabisa zinakaa. Ila ukizivuta zinatanuka, na zikishatanuka maua hayakutani tena hata ufanyeje. Kwa mchoro mkubwa kama huu, mimi sizigusi.

Kabla sijasahau, mlioomba video ya kubandua karatasi kuukuu, inakuja baada ya hii.

Tukirudi kwenye bei, nilikuja hapa nimeshika msimamo kwamba mrudio wa 64 ni hasara. Lakini hebu panua ukuta ule ufike mita 3. Unataka vipande sita. Maroli mawili ya maua yanakupa sita, vitatu na vitatu. Zile zisizo na mchoro je? Roli moja linatoa vinne, kwa hiyo nazo unanunua mawili! Hapo maua hayakuongezei roli hata moja. Kwa ukuta wa mita 2 kimo hiki, tafuteni mchoro wa mrudio mdogo au usio na mrudio kabisa. Kwa mita 3, chukueni hili bila wasiwasi.

Niandikieni hapo chini upana, kimo, na namba iliyo kando ya mishale kwenye lebo yenu. Msiniandikie upana peke yake, hautoshi. Nitawapigia hesabu mmoja mmoja kabla hamjalipa.