Tovuti nzuri, SEO ya hila: uzoefu wangu na waliotuahidi namba moja

Hawa ni kampuni iliyotutengenezea tovuti na kutufanyia SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu mtu anapotafuta Google. Kwa muonekano nawapa nyota nne. Tovuti inafunguka haraka hata kwenye simu, picha za mlima zimekaa vizuri na fomu ya kuulizia bei haisumbui. Kwa SEO siwapi hata moja. Naandika kwa sababu wenye kampuni ndogo za utalii hapa Moshi bado wanapigiwa simu na watu hawa kila msimu ukikaribia.

Ofa yao ni kuwa namba moja Google, kwa uhakika. Google wenyewe wanasema katika mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Mwanzoni tulipanda kweli. Halafu, Juni ilipokaribia, wakati wapandaji wanaanza kumiminika, maulizo yakakauka. Hata ukiandika jina la kampuni yetu, tulikuwa hatuonekani.

Niliomba kuingia Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake kwenye utafutaji, nione kulikoni. Nikazungushwa. Mwishowe niliithibitisha tovuti mwenyewe kwa akaunti yangu, na taarifa ya adhabu kutoka Google ilikuwa humo, imeshatumwa kitambo. Ilikuja kwao, wakakaa nayo kimya.

Fungua ukurasa wako wa kwanza, bonyeza Ctrl na A. Kwetu yalijitokeza maandishi meupe juu ya weupe: "Kilimanjaro bei nafuu" yamerudiwa mpaka basi, pamoja na majina ya kampuni za jirani zetu. Kulikuwa na kurasa chungu nzima zilizofanana neno kwa neno, kilichobadilika ni jina la mji tu. Chini kabisa zilifichwa linki za tovuti za kamari na mikopo, za wateja wao wengine. Yaani jina letu lilikuwa linawabeba watu tusiowajua, na sisi ndio tuliokuwa tunalipa.

Nilipowauliza, jibu lilikuwa kwamba kila mtu anafanya hivyo. Waliofanya wapo, na yaliyowapata yanajulikana. Mwaka 2006 Google waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa kurasa zilizotengenezwa kuidanganya injini ya utafutaji. Mwaka 2011 duka la J.C. Penney la Marekani liliporomoshwa kwa linki za kununuliwa. Hao wana mafundi na fedha za kujisafisha haraka. Ofisi ya watu wachache inayotegemea miezi michache ya kiangazi inapoteza msimu mzima.

Lakini kilichoniuma zaidi ni maoni ya uongo waliyoyaweka kwenye wasifu wetu wa biashara huko Google. Yaliwasifu waongozaji ambao hatujawahi kuajiri. Wapagazi wetu wanabeba mizigo baridini kuelekea kilele cha mita 5,895, na mgeni akishuka salama akawataja kwa majina, hayo maneno ni mali yao. Ndiyo yanayowapatia kazi nyingine. Kuyachanganya na sifa za watu wasiokuwepo ni kuwaibia. Na maoni hayo ya uongo mwenye biashara hawezi kuyafuta mwenyewe, anaweza kuyaripoti tu na kusubiri. Mengine bado yapo hadi leo, nayaripoti tena na tena.

Adhabu ilishaondolewa. Tulifuta maandishi yaliyofichwa, kurasa zile na linki, kisha tukaandika ombi la kupitiwa upya tukieleza kila kilichokuwepo na kila tulichotoa. Nafasi tuliyokuwa nayo haijarudi.

Kama una mkataba nao sasa hivi, dai leo uwekwe kuwa mmiliki katika Search Console na kwenye wasifu wa biashara, na uangalie domeini, yaani anwani ya tovuti yako, imesajiliwa kwa jina la nani. Yetu imesajiliwa kwa jina lao. Tumeshaandika barua ya kuidai, na malipo yaliyobaki tumeyazuia mpaka waikabidhi.