Tanki la kioo la buibui toka kwa fundi wa Igogo, Mwanza: siku zote poa, usiku wa kujivua gamba lilinitoa jasho

Nianze na bei maana najua ndo mnaitaka kwanza: 65,000, kioo cha milimita 5, urefu futi moja na nusu, upana futi moja, kimo futi moja, na mlango wa kuslaidi mbele. Fundi ni wa vioo na alminiamu pale Igogo, wale wa madirisha na makabati ya chipsi, jina simtaji maana nitamlaumu huko mbele na bado nina kazi yangu kwake. Nilivyomwambia tanki ni la kumkalisha buibui alicheka mpaka akakaa chini, af akaniuliza, "sasa kaka, huyo buibui analipa kodi?"

Buibui mwenyewe ni tarantula, Grammostola rosea, asili yake Chile, akitandaza miguu anajaa kwenye kiganja, niliachiwa na jamaa aliyehama. Namwita Shangazi kwa sababu ukimletea chakula anakiangalia tu kama mgeni anayekwambia kashiba kwao.

Kazi ya fundi kwa macho ni safi, kingo kazisugua hazikati, silikoni kaipiga mstari mmoja hauna mabonge. Ila alivyosema "kesho unamweka" sikumsikiliza, ile silikoni ikiwa haijakauka inanuka siki kali, tanki likakaa wazi barazani siku kumi mpaka harufu ikaisha kabisa. Kimo cha futi moja kosa langu, huyu ni wa ardhini halafu mzito, akipanda kioo akadondoka tumbo linaweza kupasuka na hapo ndo basi, kwa hiyo nikajaza nusu tanki kokopiti, ile ya kuoteshea miche, maduka ya pembejeo ipo. Hita sikununua, joto la Mwanza linamtosha, we usimweke tu dirishani jua likamchemsha.

Mfuniko sasa. Fundi kaweka wavu wa mbu wa dirishani, kwa nia njema kabisa, ila siku ya pili namkuta Shangazi ananing'inia kucha imenasa kwenye wavu, miguu mingine inapapasa hewa. Nilimpandishia kitabu kwa chini akakanyaga akajinasua. Wavu nikautoa nikabana plastiki ngumu kwenye fremu ileile, matundu nimetoboa kwa msumari wa moto.

Baada ya hapo miezi ikaenda vizuri, na lazima niseme kioo ni raha ukilinganisha na ndoo niliyokuwa namfugia mwanzo, unaona kila kitu bila kumsumbua. Ndo nilivyoshtukia anajiandaa kujivua gamba, na siyo lile la wanasiasa wa CCM la 2011 la kuondoa mafisadi chamani, hili la kweli. Aligoma kula miezi miwili, hiyo peke yake haisemi kitu maana aina hii ina tabia ya kususa miezi mingi na isiwe na tatizo lolote, ila nyuma ya tumbo ana kipara, kinatokea akikasirika anapangusa manyoya kwa miguu ya nyuma (manyoya yenyewe yanawasha balaa, macho weka mbali), sasa kile kipara toka rangi ya andazi kikawa cheusi kinang'aa kama bilinganya. Ni manyoya mapya hayo yanaonekana chini ya ngozi ya zamani. Na mwendo ukapoa, anakaa kona moja siku nzima.

Usiku wenyewe umeme umekatika, saa tatu hivi, namulika na simu naona katandika utando chini kama shuka halafu kalala chali miguu juu. Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni, "pole mwanangu, mdudu wako kaenda." Nikamwambia hapana mama, buibui akifa miguu inajikunja chini yake kama ngumi, huyu anabadilisha nguo.

Sasa uzembe wangu, toka asubuhi nilimwachia nyenje mzima humo ndani. Tarantula akiwa anajivua ni laini kama uji ulioganda, hawezi kujitetea, nyenje anaweza kumtafuna. Navuta mlango, haufunguki! Reli imejaa chembe za kokopiti, nikiongeza nguvu inakwaruza na tanki zima linatetemeka, na huyu hatakiwi kuguswa wala kutikiswa. Nikahamia juu, fundi mfuniko kaukaza skrubu nne, NNE, kwa ajili ya buibui. Simu mdomoni, bisibisi mkononi, jasho linadondoka, mpaka nyenje anatoka na kibano nilikuwa natetemeka kuliko lile tanki.

Kilichofuata nilikaa nakiangalia bila kusema neno. Kwanza gamba la mgongoni linafunguka kama mfuniko wa sufuria, halafu miguu inatoka pole pole, kama mtu anavua soksi nane zilizolowa, anavuta, anapumzika, anavuta tena. Masaa kama matatu. Akabaki kalala pembeni ya gamba lake, meno meupe kama maziwa, siku zilizofuata yakawa mekundu ndo yakaja kuwa meusi. Nilimwekea maji tu, chakula baada ya wiki mbili meno yalivyokomaa.

Gamba nikaliloweka kwenye maji na tone la sabuni nikalifungua taratibu kwa ndani nione kama ni jike. Shangazi kweli ni shangazi. Nikalikausha nikaliweka kwenye kopo la biskuti nikampelekea fundi aone kazi yake imezaa nini, kufungua tu karuka mpaka nyuma ya mashine ya kukatia alminiamu, "kaka umekuja nao wawili!"

Nyota tatu na nusu. Mlango wa mbele anautoa, anaweka kioo kizima, mfuniko unakuwa wa bawaba bila skrubu, nimeshalipa elfu kumi, kasema nichukue Jumamosi. Jumamosi ya fundi mnaijua.