Maziwa ya mbuzi kwa sabuni ya nyumbani: ununue ya unga, ya kopo au mabichi?

Sabuni yangu ya kwanza ya maziwa ya mbuzi ilitoka na rangi ya boga lililochemshwa na harufu ya choo. Nilimimina kostiki (sodiamu hidroksidi, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) moja kwa moja kwenye maziwa mabichi, tena yenye uvuguvugu. Sijamaliza hata kukoroga, yakawa ya njano, mara ya machungwa, mara yakakatika mabonge. Nikamlaumu aliyeniuzia, kumbe mkosaji ni mimi.

Kostiki ikikutana na maji hupandisha joto yenyewe, bila moto wa jiko, na inaweza kufika nyuzi 80 au 90. Sukari iliyomo kwenye maziwa, laktosi, huungua hapo na kubadili rangi, na protini zikivunjika hutoa ile harufu ya choo, yaani amonia. Tangu siku hiyo nikienda kununua maziwa najiuliza jambo moja tu: haya nitaweza kuyaweka mbali na kostiki mpaka ipoe? Orodha yangu imepangwa kwa kigezo hicho.

1. Ya unga, yasiyotolewa mafuta

Maziwa ya mbuzi ni maji kwa takriban asilimia 87. Unga ni hicho kilichobaki, na maji unaongeza mwenyewe, kiasi unachotaka, wakati unaotaka. Hapo ndipo yanapoyashinda mengine yote.

Tuseme unapika kilo 1 ya mafuta na kipimo chako kinataka gramu 300 za maziwa. Gramu 150 za maji matupu zichukue kuyeyushia kostiki, uiache ipoe. Gramu 150 nyingine korogea gramu 40 za unga mpaka upate maziwa mazito, kisha yamimine kwenye mafuta. Mwishowe sabuni ina maziwa kamili ya gramu 300, na hakuna hata tone lililopambana na kostiki ya moto. Sharti ni moja: maji ya kostiki yasipungue uzito wa kostiki yenyewe. Yakipungua haitayeyuka yote, na punje utazikuta ndani ya mche, zikisubiri ngozi ya mtu.

Wapo wanaotia unga mkavu kwenye mafuta. Ukiwa na blenda ya mkono, sawa. Kwa mwiko utaambulia madoadoa.

Dukani, geuza pakiti usome viambato. Unachotafuta ni maziwa ya mbuzi, basi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga, hata yakiandikwa ya mbuzi, huwa yameongezwa mafuta ya mimea, vitamini na mara nyingi laktosi zaidi, na hiyo laktosi ndiyo tunayoikimbia. Unga wa kulainishia kahawa ndio kabisa, mwingi wake ni sukari na mafuta ya mimea. Yaliyotolewa mafuta yanafaa, ila umelipia maziwa ukapata nusu ya raha yake.

Nunua pakiti ndogo. Unga wenye mafuta hauzeeki vizuri: ukifungua ukasikia harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyolala, usiutie kwenye sabuni kwa matumaini kwamba manukato yataficha. Hayafichi.

2. Ya kopo, yaliyopunguzwa maji

Haya ni maziwa yaliyochemshwa mpaka kiasi cha asilimia 60 ya maji yake yakaondoka. Hesabu ni ileile ya unga: gramu 150 za maji kwa kostiki, gramu 150 za kopo kwenye mafuta, na huna haja ya kukoroga wala kuchuja. Kwa anayeanza, huenda ndiyo njia isiyo na usumbufu. Nimeyaweka ya pili kwa sababu joto la kiwandani limekwisha kuyapa rangi ya maziwa-na-chai, kwa hiyo mche mweupe usiutarajie. Kopo likishafunguliwa, kilichobaki kigandishe kiwe barafu. Na usichanganye na maziwa mazito yenye sukari. Makopo yanafanana, sabuni hazifanani.

3. Mabichi

Najua wengi wangeyapa nafasi ya kwanza. Ukiwa na mbuzi wako, au jirani anayekamua, hata mimi nisingekwenda dukani. Lakini lazima yagandishwe yawe barafu kwanza. Yapime, yamimine kwenye trei za barafu, na siku ya kupika weka vipande kwenye bakuli la chuma cha pua au plastiki ngumu, kamwe si aluminiamu, maana kostiki huila. Nyunyiza kostiki kijiko kwa kijiko juu ya vipande, ukikoroga, bakuli likiwa ndani ya beseni la barafu. Glavu na miwani visikae kabatini. Ni kazi ya subira, na ukiharakisha dakika mbili tu, lile boga linarudi.

4. Ya pakiti, yanayokaa bila friji

Yamepita kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache. Kwenye sabuni yanatumika kama mabichi, kwa usumbufu uleule wa kugandisha. Yanunue ukikosa mengine.

Chochote utakachochagua, usifunike kalibu kwa blanketi kama unavyofunika sabuni iliyopikwa kwa maji matupu. Sukari ya maziwa huongeza joto ndani, na sabuni inaweza kupasuka katikati au kufura na kumwagika mezani. Mimi huiingiza kwenye friji hadi kesho yake, halafu nakata na kuipanga kwenye hewa wiki 4 hadi 6. Harufu ya amonia, kama ilikuwepo kidogo, huwa imekwisha kabla ya hapo.