Pampu ya joto na mabomba chini ya sakafu: mkosaji nilikuwa mimi

Hii ni baridi ya pili nikiwa na pampu inayovuta joto kutoka hewani na kupasha maji yanayozunguka chini ya sakafu. Sasa naipenda. Wiki tatu za mwanzo nusura niwaite walioifunga waje waing'oe.

Nilikuwa nimezoea boila: ukisikia baridi unawasha, ukisikia joto unazima. Basi usiku nazima, alfajiri nawasha na kupandisha maji hadi nyuzi 50, na saa nne asubuhi sakafu bado ya baridi. Kumbe saruji ya sentimita sita iliyofunika mabomba inakula joto saa kadhaa kabla haijaanza kulitoa. Jioni nyumba inafukuta, tunafungua madirisha. Bili ya umeme ilipokuja sikuisoma mara mbili.

Fundi alipopita alicheka. Alishusha maji hadi nyuzi 35, akaachia wazi themostati, yaani vidhibiti joto, za vyumba, akaiweka mashine isome baridi ya nje na ipandishe maji yenyewe kidogo kidogo. "Siku tatu usiiguse," akasema. Zilikuwa ndefu hizo! Siku ya nne nilikanyaga vigae vya jikoni miguu mitupu: si moto, si baridi, kama mahali paka alipoamka sasa hivi.

Mashine hii haizalishi joto, inalihamisha. Kimiminika kilichomo ndani huchemka na kuwa gesi hata kwenye baridi kali, kompresa huikandamiza gesi hiyo hadi inapata moto, na moto huo ndio unaopewa maji. Kwa maji ya nyuzi 35, yuniti moja ya umeme huweza kukupa tatu au nne za joto. Ukidai 55, kompresa inahema na faida inayeyuka. Sakafu kwa upana wake inatosheka na maji ya uvuguvugu, ndiyo maana viwili hivi vinaelewana.

Asubuhi ya kwanza ya barafu mwanangu alikuja mbio: mashine ya nje inaungua! Nikatoka na ndoo ya maji. Ulikuwa mvuke tu. Huwa inayeyusha barafu iliyojiganda kwenye mapezi yake, yale mabati membamba yanayopitisha hewa, dakika chache, kisha feni inaendelea. Kilichoniudhi ni maji yanayodondoka baada ya hapo. Waliofunga hawakuyawekea mfereji, yakatiririka njiani yakaganda, na kesho yake nikaanguka chali. Nimechimba shimo nikajaza kokoto chini yake. Kazi hiyo ilikuwa yao.

Kelele ni ya friji kubwa, basi. Zulia zito la sebuleni tumelitoa kwa sababu linaziba joto.

Kitu kimoja sitawasamehe waliofunga. Kabla saruji haijamwagwa nilipiga picha kila chumba, tepu ya kupimia ikiwa imelazwa juu ya mabomba. Bafu liliposhindwa kupata joto nilizirudia. Bafuni wametandaza mabomba kwa nafasi ya sentimita 20, sawasawa na sebuleni, ilhali chumba kidogo chenye kuta mbili za nje kilihitaji kama 10. Kulirekebisha ni kuvunja vigae na saruji yote. Kwa sasa tuna hita ndogo ya umeme ukutani, na anayeoga wa kwanza ndiye anayeiwasha.