Boti niliyonunua Tanga: mashine safi, umeme shaghalabaghala

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 23, imefungwa Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya mafuta ya kuchanganya na oili. Nimeinunua hapa hapa Tanga kwa mtu aliyeamua kuachana na bahari. Bei sitaitaja, muuzaji ni mtu wa mtaani kwetu na bado tunasalimiana. Nilitaka chombo cha kuvulia mshipi mwisho wa wiki, na cha kupeleka ndugu visiwa vya Toten au Yambe bahari ikitulia. Mwendo wake wengi mnaujua, maana mashine hizi zimejaa pwani nzima. Ninachotaka kueleza ni vifaa vilivyokuja nayo, kwa sababu wengi wetu tukienda kununua tunavuta kamba ya mashine, ikinguruma tunatoa pesa.

Muuzaji alinikabidhi spana ya plagi, tangi la mafuta na neno moja: "Haina tatizo." Kitabu cha mashine hakikuwepo. Nikamchukua fundi mmoja mzee wa Deep Sea, pwani ya wavuvi hapa mjini, tukakubaliana kwamba boti haitoki mpaka kila bomba na kila waya umefuatwa kutoka unapoanzia hadi unapoishia. Mzee huyo ananiita tajiri, kama wenye vyombo wote wanavyoitwa na mabaharia, ingawa tajiri mwenyewe bado anakatwa mkopo wa SACCOS.

Alianza na mguu wa mashine. Oili ya gia ina skrubu mbili, ya chini na ya juu. Alifungua ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie, na kilichotoka kilikuwa kama chai ya maziwa. Maana yake maji ya chumvi yanaingia kwenye gia. Akanyoosha splitipini ya pangaboi, akalivua, akaniita niinamie. Nyuma yake, kwenye shafti, mshipi ulikuwa umejiviringa mpaka ukashikana kwa joto na kuwa pete ngumu ya plastiki. Aliukata kwa ncha ya kisu kipande kwa kipande, taratibu asije akaikwaruza shafti, na chini yake sili ya mpira ilionekana imeliwa upande mmoja. "Tajiri, huyu alikuwa anavua na mashine inazunguka," akasema. Sili zikabadilishwa, oili mpya ikasukumwa kutoka tundu la chini mpaka ikachungulia la juu. Ndiyo namna yake. Ukimimina kutoka juu unafungia hewa ndani na gia hazipati oili ya kutosha.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza. Kabla hujatoa hata senti, omba skrubu ya chini ilegezwe kidogo. Muuzaji anayekataa ameshakujibu.

Mguu ukiwa umeshashuka, pampu ya maji ya kupoza mashine ipo pale pale, kwa hiyo hakuna sababu ya kutoifungua. Uzi wa maji unaotoka nyuma ulikuwepo siku ya majaribio, ila mwembamba. Impela, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu, ilikuwa imekauka, mbawa zake zimelala upande mmoja na hazirudi, na ubawa mmoja haupo. Wengine wangeweka impela mpya wakafunga. Mzee alikataa katakata: kipande kilichokatika hakijayeyuka, kimekwenda na maji. Akaanza kuchokoa njia ya maji juu ya pampu kwa waya laini, akapuliza, akachokoa tena, mpaka kikaanguka kiganjani mwake, kidogo kuliko kucha. Kingebaki humo, mashine ingekuwa inachemka na sisi tungelaumu impela mpya. Sasa uzi wa maji unatoka kwa nguvu na ukiushika ni vuguvugu tu. Na mashine hii haiwashwi nchi kavu bila kuunganishiwa maji, hata kwa kuonyeshana. Mpira ukizunguka mkavu unaungua mara moja.

Mafuta hayana mengi, ila yana makosa yaliyozoeleka. Mashine yangu inachanganywa hamsini kwa moja. Tangi jekundu la Yamaha ni la lita 24, kwa hiyo chupa ya maji ya nusu lita ikipunguzwa kidogo ndiyo kipimo chake, hakuna haja ya kukadiria kwa jicho. Oili iwe ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3. Oili ya pikipiki za zamani au ya msumeno imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo na kufanya kazi kwenye joto kubwa zaidi. Mashine ya boti inapozwa na bahari, oili isiyo yake inaacha masizi kwenye plagi na kwenye ringi. Kwenye mfuniko wa tangi kuna kiskrubu cha kupumulia. Kikisahaulika kimefungwa, mashine itakwenda vizuri kisha itazima yenyewe, na ule mpira wa kusukumia mafuta utaukuta umebonyea. Ukiubonyeza hadi ukawa mgumu, mafuta yamefika. Usipokuwa mgumu kabisa, kuna mahali panavuta hewa. Wangu ulikuwa hivyo, na kosa lilikuwa klipu moja iliyolegea. Dakika mbili za bisibisi.

Halafu kuna kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ile ya kujifunga mkononi ili ukidondoka chombo kisikuache. Ilikuwepo, imening'inizwa vizuri. Mashine ikiwa inanguruma nikaichomoa. Ikaendelea kunguruma. Waya za swichi zilikuwa zimekatwa ndani ya kifuniko, bila shaka ilipoharibika mtu akaona njia fupi ni kuiondoa kabisa. Yaani pambo. Katika vyote nilivyokuta hili ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu aliyeuza alijua. Swichi mpya haikuwa ghali.

Sasa umeme. Sijui niseme nini. Betri ya gari, paneli ndogo ya sola, taa mbili, pampu ya kutolea maji, GPS yenye fishfainda (kifaa cha kuonyesha kina na samaki), na redio ya muziki. Vyote hivyo vilipata umeme kwenye vichwa viwili vya betri kwa waya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu, bila fyuzi hata moja. Nilipochuna plastiki ya waya shaba ilikuwa nyeusi. Shaba ikiwa hivyo umeme unafika umechoka, taa inawaka kwa kusuasua na pampu inalia bila kuvuta. Niling'oa waya zote. Sikurekebisha, niling'oa. Nimeweka waya zilizopakwa bati, kisanduku cha fyuzi chini ya kiti mbali na maji ya ngama yanayotuama chini ya boti, na kila waya nimeubandika jina lake. Pampu ilipopata umeme wa maana ikaamka. Upo, ile kata ya kufulia maji chomboni, nimeuacha pale pale ulipokuwa, maana upo hauna waya.

GPS ndiyo iliyonifurahisha. Fundi wa simu aliyekuja kuiangalia alitaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani ili iwe nyepesi. Nikamshika mkono. Ndani mlikuwa na alama za mwenye boti wa zamani, miaka yake yote ya uvuvi, nyingi hazina majina, tarakimu tu. Nilikaa na daftari nikazinakili moja moja. Kuna zilizopangana kandokando ya miamba ya nje ya Yambe, kuna moja iko mbali kabisa kuelekea mkondo wa Pemba, na moja iko nchi kavu mitaa ya Chumbageni, hiyo sikuuliza. Siku chache baadaye muuzaji akanipigia, salamu nyingi, habari za nyumbani, habari za watoto, mwishowe: "Ndugu yangu, zile alama umeshazifuta?" Nikamwambia ziko salama. Kacheka, lakini si kicheko cha kutoka moyoni. Kwangu mimi zile alama zina thamani kuliko paneli ya sola na redio kwa pamoja, na hazikuwemo kwenye bei.

Fishfainda ilikuwa na mambo mawili. Jicho lake la chini lilikuwa limepakwa rangi pamoja na boti, kwa hiyo likaona ukungu mtupu. Nikalisafisha, nikalishusha kidogo chini ya usawa wa boti, kwa sababu likiwa juu linapita kwenye mapovu na boti ikikimbia kina kinapotea kwenye kioo. La pili ni kipimo: kilikuwa kimewekwa futi. Kijana ninayetoka naye alisoma 12 akasema maji ni mengi. Futi 12 ni mita tatu na nusu na ushei. Hapa kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ukitia nanga pale maji yamejaa, yakishatoka utabaki umesimama kwenye maji ya magoti na mashine imelalia mchanga. Nimeibadilisha iwe mita. Mawimbi yake ya sauti nimeyaacha kwenye kilohezi 200, yanaonyesha vizuri maji mafupi ya ghubani, na 50 nayasubiri siku nitakapofika huko kwenye mkondo ambako kina ni mamia ya mita.

Dira nilidhani ni mbovu, kumbe jirani yake ndiye mbaya. Spika ya redio ilikuwa imefungwa shubiri moja kutoka kwenye dira, na spika ina sumaku. Nilipoifungua na kuisogeza, kadi ya dira ikazunguka yenyewe mbele ya macho yangu. Redio sasa iko nyuma, karibu na shetri, na anayetaka taarabu akae huko huko.

Nanga ilikuwa ya nondo, ya kucha nne, nzuri kwa mwamba lakini kwenye tope na mchanga wa ghuba inalima tu. Na sitaki kuitupa juu ya matumbawe, ukizingatia Toten na Yambe vyote viko ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale. Nimenunua ya kulala yenye mbawa, nikaiunganishia mnyororo wa mita tano kabla ya kamba. Jaketi za kuokolea zilikuwa zimekaliwa kama mito mpaka zimekuwa bapa. Nilizitupa majini na mawe mfukoni, mbili zikazama. Mpya zote, na zikaguliwe pamoja na chombo na watu wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Kuna rafiki zangu wananishauri niiuze Yamaha hii nichukue ya foustroki, ile isiyochanganywa oili kwenye mafuta, kwamba hii inakunywa mafuta mengi. Kweli inakunywa. Ukifungulia yote, tangi lile la lita 24 halikuvushi mbali zaidi ya saa moja na kitu, kwa hiyo natoka na matangi mawili na theluthi ya mafuta siigusi mpaka nimeona pwani ya Raskazone hapa Tanga. Lakini plagi, impela, sili, hata kabureta nazipata madukani hapa mjini siku hiyo hiyo, na mafundi wa Deep Sea wanaifungua wakiwa wamefumba macho. Ya foustroki ikigoma nitasubiri mtu wa Dar.

Mashine naipa tisa juu ya kumi, bodi ya faiba nane (ubao wa nyuma tumeugonga kwa nyundo pande zote, mlio wake mzito, hauna uozo), na umeme niliokabidhiwa naupa moja, ya ile paneli ya sola. Muuzaji amepiga tena juzi. Anauliza kama nitamuuzia zile alama.