Luva za mbao ndani ya dirisha: uzoefu wangu baada ya masika mawili

Chumba chetu cha kulala kinatazama barabara. Tupo Tanga, na dirisha lenyewe limeelekea kusini mashariki, upande unaopokea upepo wa kusi kuanzia Aprili. Miaka yote tuliweka pazia. Ukifungua kioo upate upepo, pazia linapepea na mpita njia anaona hadi kitandani; ukifunga, mnalala mkitoka jasho. Hiyo ndiyo sababu niliagiza luva za mbao, yaani mabawa ya dirisha yenye vibao vyembamba vya kulala unavyoweza kuviinamisha.

Luva nilizizoea kwa bibi yangu, Mji Mkongwe, Unguja. Za kule hufunguka nje, juu ya kichochoro, kwa hiyo jua huzuiwa kabla halijaingia ndani. Sisi tuna nondo nje na wavu wa mbu katikati, basi hazikuwa na pa kufungukia ila chumbani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko nilivyodhani, nitaieleza.

Fundi wa kwanza alinitengenezea kwa mbao mbichi. Zilipendeza wiki tatu. Mvua zilipoanza bawa moja likapinda, vibao vikakwama, kijiti cha kuvipandisha na kuvishusha kikang'oka. Pesa ile ilipotea, na iliniuma sana kwa kuwa nilikuwa nimeikusanya kwa mwaka mzima. Fundi wa pili alikataa kuanza kazi mpaka mbao zikauke. Alitumia mtiki, ambao kwetu si wa kuagiza mbali kwa sababu shamba la Longuza lipo hapo Muheza. Akaacha nafasi ya milimita 3 kuzunguka kila bawa ili mbao zikivimba masika zisikwaruze fremu. Bawaba na skrubu nilisisitiza ziwe za shaba. Karibu na bahari chuma cha kawaida hakidumu.

Upana wa vibao tulibishana sana. Luva za kiwandani mara nyingi huwa na vibao vya milimita 63 au 89. Nilitaka vile vipana, vinaonyesha nje vizuri zaidi. Fundi akaniwekea kipimo dirishani: kibao cha 89 kikilala bapa kinachomoza kama sentimita 3 kila upande wa bawa, kwetu kingegonga kishikio cha kioo. Tukafanya 63. Kama unaagiza, pima kwanza nafasi kutoka kwenye kioo hadi ukingo wa ndani wa ukuta, na angalia bawa likifunguka halitagonga kitanda au kabati. Letu tulilikunja mara mbili kwa sababu hiyo.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni ushauri wake wa kukata mabawa ngazi mbili. Ya chini yanabaki yamefungwa, ya juu wazi: mwanga unaingia, barabarani hawaoni kitu. Usiku naacha kioo wazi, vibao nimeviinamisha, na upepo unapita moja kwa moja hadi kitandani. Kwa hilo peke yake ningelipa tena. Halafu hazina kamba. Tuna mtoto wa miaka mitatu, na zile kamba zinazoning'inia kwenye mapazia ya vibao zilinitia hofu siku zote, kwani mtoto anaweza kujinyonga nazo.

Sebuleni nilikosea. Dirisha lile linapigwa na jua la magharibi, nikaamini luva zitapoza chumba. Zinapunguza mwanga mkali, makochi hayapauki, lakini joto limeshapenya kwenye kioo na linabaki humo humo kati ya kioo na mbao. Inasaidia kidogo ukiacha kioo wazi litoke. Kama shida yako ni jua la alasiri, weka kivuli nje: mti, kibaraza, au luva za nje kama nondo hazikuzuii.

Wala giza halijakamilika. Mume wangu akitoka zamu ya usiku analala mchana, na mistari ya mwanga kati ya vibao ilimsumbua. Tumerudisha pazia zito juu ya luva, analivuta siku hizo tu.

Usafi una kazi. Vumbi linakaa kila kibao. Navaa soksi kuukuu mkononi, naipitisha ikiwa na unyevu kidogo, kisha nakausha. Masika nilipoacha wiki mbili niliona ukungu kwenye kona za chini.

Bei: dirisha la futi 5 kwa 4 lilinigharimu shilingi 420,000 pamoja na bawaba na vanishi. Pazia zuri ningepata kwa chini ya nusu ya hiyo.

Sasa ni zamu ya chumba cha watoto, nacho kinapata kusi. Mbao nimeshanunua. Zimepangwa kivulini ua wa nyuma, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti, na fundi anapita kila mwezi kuzikagua.